Sura ya Sita: Mpikaji Hunywa Kwanza

Wanaume wa kijiji chetu cha Ha Lepheane wakichoka na kazi hufuga njiwa, au hucheza bao, au huenda kuwatazama farasi wa watu wengine. Lebusa, mfamasia wa zahanati yetu, mtu wa miaka thelathini na miwili ambaye suruali zake hupigwa pasi hata siku za theluji, aliamua kupika pombe ya mtama. Si ya kuuza. Ya kujifurahisha tu, nyumbani kwake, peke yake.

Kijiji kilipokea habari hiyo kama kinavyopokea habari za msiba, yaani kwa kutafuta mahali pa kukaa. Kwetu chungu cha pombe ni cha mwanamke. Mwanamume hukutana na pombe ikiwa tayari kwenye kibuyu, kama anavyokutana na mtoto akiwa ameshaoshwa. Sasa huyu anaotesha mtama wake mwenyewe, anaukausha, anausaga kuwa kimea, anapika uji, anautumbukizia kipimajoto cha zahanati na kuandika kwenye daftari. Majira ya baridi yalipofika, alivua blanketi lake zuri la sherehe akalifunga kwenye pipa ili pombe isipoe, yeye akalala na koti. Jirani aliyechungulia dirishani alitangaza kisimani kwamba Ntate Lebusa, yaani Bwana Lebusa, ameoa mke mfupi, mnene, asiyesema neno. Wanaume kadhaa walimwonea wivu.

Ukweli ni kwamba Lebusa alikuwa hajaoa, lakini alikuwa anataka, na aliyemtaka alikuwa Puseletso binti Khoabane, fundi cherehani wa karibu na kanisa.

Mapenzi yao yalianzia kwenye mfuko wa kuchujia. Lebusa alimwendea amshonee mmoja, wa kitambaa cheupe kigumu. Baada ya wiki mbili akarudi kutaka wa pili. Mwezi uliofuata akataka wa tatu. Alipoagiza wa nne, Puseletso alizima cherehani, akamtazama juu ya miwani yake, akamwambia hakuna pombe nyingi kiasi hicho katika ufalme wote wa Lesotho, basi aseme alichokuja kusema. Lebusa alisema. Alisema vibaya, akianzia katikati, lakini alisema.

Mwezi wa Aprili wajomba zake walituma ujumbe kuomba siku ya kuja kuposa. Jibu la Ntate Khoabane lilikuwa, "Tutaona." Kwetu hiyo ni hapana iliyovaa viatu. Na kila mtu alijua aliyeivalisha viatu ni Mapontšo, dada yake, shangazi wa Puseletso. Ntate Khoabane alifanya kazi migodini miaka ishirini na saba, na inasemekana maneno yake mengi aliyaacha huko chini ya ardhi. Shangazi Mapontšo, ambaye hajawahi kuingia mgodini, aliyapata yote kwa njia asiyoieleza.

"Mwanamume anayepika pombe leo," alikuwa akisema, "kesho atanyonyesha. Tena huyu ni mtoa vidonge. Akikupa kinywaji, utajuaje umekunywa nini?"

Mambo yalikuwa hivyo hadi ile Jumamosi ya mwisho wa Juni, siku ya kuvua nguo za msiba wa bibi yake Puseletso. Mwaka ulikuwa umetimia. Pombe ya siku hiyo hupikwa na mjukuu wa kike, na nyumba ile haikuwa na mwingine. Puseletso alianza kupika Jumatatu. Jumatano, kwa haraka ya kuwahi oda ya sare za shule, alitia chachu kwenye uji uliokuwa bado moto. Alhamisi alifunua chungu akatega sikio. Pombe hai huongea, hutoa povu na kunong'ona kama watu walio nyuma ya ukuta. Ile ilikuwa kimya kabisa.

Jioni hiyo hiyo alikimbilia kwa Lebusa. Na Lebusa, kwa bahati, au kwa ujanja ambao hajaukiri mpaka leo, alikuwa amepika mapipa mawili wiki ile ile.

Ndiyo maana asubuhi ya Jumamosi tunawakuta wawili hao jikoni kwa Lebusa, mlango wazi kwa ajili ya heshima, baridi ikiingia, chungu kikubwa cha marehemu bibi kikiwa sakafuni katikati yao.

"Shika mdomo wa mfuko," Lebusa alisema. "Usikamue. Iache idondoke yenyewe."

"Bibi alikuwa anakamua."

"Bibi alikuwa na haki hiyo. Mimi na wewe tunajifunza."

"Wewe unajifunza. Mimi naua."

Alicheka, naye Puseletso akacheka, na mfuko ukayumba, na pombe ikamrukia Lebusa kwenye shati. Puseletso alichukua ncha ya shali yake akamfuta. Palikuwa na doa moja tu, dogo, lakini lilifutwa kwa muda mrefu kuliko doa lolote katika historia ya zahanati yetu. Hakuna aliyelalamika.

"Niambie jambo," Puseletso alisema bila kuinua macho. "Kwa nini ulianza hii kazi? Na usiniambie ni kwa ajili ya elimu."

Lebusa alifikiri. "Pale zahanati kila mtu anataka kupona leo. Anameza kidonge mlangoni, akifika getini anarudi kuniuliza mbona bado anakohoa. Pombe haikubali mambo hayo. Siku tano ni siku tano, hata ukiipigia magoti. Nikifunga pipa nikakaa pembeni, moyo unatulia."

"Unakaa unafanya nini?"

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

Alimtazama. Lebusa ana macho ya mtu anayesoma maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa, na siku hiyo aliyasoma yote usoni mwa Puseletso, tangu paji hadi kidevu, bila kuruka mstari.

"Mifuko minne ya kuchujia, Puseletso," alisema. "Unadhani nilikuwa nangoja nini?"

Puseletso aligeuza uso akajifanya anatafuta kata. Kata ilikuwa mkononi mwake.

Wangeendelea hivyo hadi mchana kama si neno moja alilolitoa yeye mwenyewe, kwa wepesi, kama mtu anayetoa uzi kwenye nguo.

"Nimemwambia baba pombe yangu imekubali."

Mikono ya Lebusa ilisimama. "Yako?"

"Ningesema nini? Shangazi alikuwa amekaa pale pale. Akisikia imetoka kwako ataimwaga nje na chungu chake."

"Sawa."

"Usiseme sawa kwa sauti hiyo."

"Nimesema sawa. Sihitaji sifa. Pombe ni yako, nimekupa kwa moyo." Alichukua kipimajoto akaanza kukifuta. "Ila leo mpikaji atapiga magoti mbele ya wazee. Atachota, aseme maneno, anywe kwanza. Umelifikiria hilo?"

"Nitakunywa. Ni kumeza tu."

"Maneno nayo utayameza?"

Puseletso alikaza mdomo wa mfuko. Maneno yenyewe anayajua kila mtoto wa kwetu: *Hii ni ya mikono yangu, kama kuna ubaya, uanze na mimi.* Husemwa mbele ya walio hai, na siku kama hiyo husemwa mbele ya waliolala pia.

"Umekasirika," alisema hatimaye.

"Sijakasirika."

"Unafuta kipimajoto kisicho na uchafu, Lebusa. Mara ya tatu hiyo."

Alikiweka chini taratibu. "Kijiji kizima kinanicheka. Nimezoea. Watoto wananiita Mama Pombe nikipita, nawapungia mkono. Lakini nilidhani kuna mlango mmoja ambao sihitaji kuingilia kwa nyuma."

"Sikuonei haya."

"Ila?"

"Ila naogopa." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Baba akikataa mara ya pili, hatakubali ya tatu. Namjua. Leo ipite tu kwa amani. Nitamwambia siku nyingine."

"Siku gani?"

Puseletso aliuinua tena mfuko. Walimalizia kuchuja, machicha yakabaki kwenye mfuko, chungu kikajaa. Lebusa alimsaidia kukipandisha kichwani, akakizungushia kitambaa kisicheze, akarekebisha shali yake begani kama kawaida. Kisha akarudi ndani. Siku zote huwa anasimama mlangoni mpaka Puseletso amefika kwenye kona. Puseletso aligeuka pale penye kona, kwa shida, kwa sababu ya mzigo. Mlango ulikuwa umefungwa.

Mchana ua wa matete wa Ntate Khoabane ulijaa. Vitambaa vyeusi vilikuwa vimeshakatwa na kuvuliwa, sala zimesaliwa, ng'ombe amechinjwa. Wazee walikaa kwenye mawe kando ya zizi, wamejifunika mablanketi hadi masikioni. Mjomba Sekhonyana, mzee wa upande wa Puseletso aliyekuja kwa farasi tangu alfajiri kutoka ng'ambo ya mlima, alikuwa ameuliza mara mbili kama kuna tatizo huko jikoni. Lebusa alikuja kama jirani yeyote, na suruali zake zilizonyooshwa, akakaa mwisho kabisa, karibu na matandiko ya farasi.

Chungu kililetwa. Puseletso alipiga magoti mbele yake. Shangazi Mapontšo alisimama nyuma kama karani wa mahakama.

"Haya, mwanangu," alisema kwa sauti ya kusikika hadi kanisani. "Waonyeshe kwamba mikono ya mama yangu haikuzikwa naye."

Puseletso alichota, akajaza kibuyu, akakishika kwa mikono miwili. Povu lilikuwa zuri. Harufu ilipanda ikafika kwa wazee, na Mjomba Sekhonyana akajisogeza mbele kwenye jiwe lake.

"Hii," Puseletso alianza, "ni ya mikono..."

Aliinua macho. Hakukusudia, lakini macho yana miguu yake. Yalipita kwa baba, yakapita kwa wazee wote, yakaenda mpaka mwisho kwenye matandiko. Lebusa alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa anaangalia viatu vyake, kwa bidii, kama mtu anayeviomba radhi.

"Hii ni ya mikono ya Lebusa," Puseletso alisema.

Mzee mmoja alishusha blanketi masikioni ili asikie vizuri.

"Ya nani?" shangazi aliuliza.

"Ya Ntate Lebusa wa zahanati. Yangu ilikufa, shangazi. Niliitia chachu ikiwa moto. Nilimwomba yake akanipa, nikamwomba anyamaze akakubali. Siwezi kusema maneno haya. Si yangu."

Shangazi alimgeukia kaka yake. "Khoabane, unasikia? Mama yetu anaagwa kwa pombe ya mtoa vidonge. Mwanamume. Nani ajuaye ameweka nini humo, huyu aliyekataliwa mwezi wa Aprili? Tutaamka kesho sote tunampenda."

"Nimesikia," Ntate Khoabane alisema.

"Basi mambo ni rahisi," alisema Mjomba Sekhonyana. "Aliyepika si yupo? Aje anywe kwanza. Mimi nimetoka mbali."

Vichwa vyote viligeuka. Lebusa alisimama. Mwendo wa kutoka kwenye matandiko hadi kwenye chungu ni hatua kumi na mbili, na alizitembea kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alipofika alisita. Mpikaji hupiga magoti. Hakuna aliyewahi kumwona mwanamume amepiga magoti mbele ya chungu cha pombe, labda baada ya kukimaliza. Alivua kofia, akapiga magoti, suruali zilizonyooshwa na vumbi la ua pamoja, bega lake likagusana na la Puseletso.

Puseletso alimpa kibuyu. Vidole vyao vilikutana chini yake, vikakawia.

"Samahani," alimnong'oneza.

"Kwa lipi?"

"Kwa ule mlango wa nyuma."

Lebusa alisema maneno, yote, bila kuyumba. Hii ni ya mikono yangu. Kama kuna ubaya, uanze na mimi. Akanywa, akameza, akafuta mdomo.

"Ngojeni," shangazi alisema. "Dawa nyingine huchelewa."

Wakangoja. Wazee walimkagua kama wanavyomkagua farasi wa kununua. Mtu mmoja alisema amebadilika rangi. Mwingine akasema hapana, ndivyo alivyo.

"Tungoje mpaka lini?" aliuliza Mjomba Sekhonyana. "Anachougua kijana huyu kila mtu anakiona, na hakimo kwenye kibuyu. Mapontšo, nipe kinywaji."

Lakini ni Ntate Khoabane aliyeinuka. Alikuja polepole, na magoti yake ya mgodini, akachukua kibuyu mkononi mwa Lebusa. Alinywa. Akakaa nayo mdomoni. Akameza.

"Ya mama ilikuwa kali zaidi," alisema.

"Ndiyo, Ntate."

"Na nzito."

"Ndiyo, Ntate."

"Usiniitikie ndiyo ndiyo. Kwa nini si nzito?"

"Nilipunguza kimea, Ntate. Nilihofia baridi ikipungua ghafla itachacha kupita kiasi. Nilikosea. Nimeandika kwenye daftari."

Ntate Khoabane alinywa tena, safari hii kama mtu mwenye kiu. Kisha akamtazama binti yake.

"Na wewe. Ulikuwa unywe?"

"Nilikaribia, baba."

"Nani alikuzuia?"

Puseletso aliiweka kata chini. Majirani walikuwa wanasikiliza, na wajomba, na wanawake waliojipanga kwenye matete, na kwetu mambo ya moyo hayasemwi mbele ya wajomba. Hutumwa watu wayaseme.

"Hakuna aliyenizuia," alisema. "Nilimwona anaangalia viatu vyake. Sitaki mtu ninayempenda aje nyumbani kwetu akaangalie viatu vyake."

Sauti fulani ilipita kwenye matete, ile ya wanawake wengi kuvuta pumzi mara moja. Sikio la Lebusa, lililokuwa karibu nasi, liligeuka jekundu hadi mwisho. Ntate Khoabane alikizungusha kibuyu mikononi. Alionekana anatafuta maneno, na kwa kuwa yalikuwa machache, ilichukua muda kuyapanga.

"Wajomba zako," alimwambia Lebusa, "bado wanataka kuja?"

"Wanangoja jibu tangu Aprili, Ntate."

"Waje Jumamosi."

Puseletso alifumba macho. Alikuwa amejiandaa kulia kwa jibu jingine, sasa machozi yaliyokuwa tayari hayakujua pa kwenda, yakaja tu.

"Kaka," shangazi alisema, "tuzungumze kama watu wazima. Wageni wa posa hunywa nini? Mwenyeji ndiye apikaye. Na mpikaji wa nyumba hii ameua chungu kizima wiki hii, mmemsikia kwa kinywa chake."

"Mpikaji huyu hapa. Amepiga magoti."

"Apike pombe ya posa yake mwenyewe? Ukweni?"

"Humu jikoni. Mbele yako. Wewe utamsimamia tangu siku ya kwanza. Akitia dawa, utaiona wewe kabla ya mtu yeyote."

Shangazi Mapontšo alirekebisha kilemba chake. Kwa maisha yake yote alikuwa amepinga mambo bila kupewa cheo. Kupewa usimamizi ghafla, mbele ya watu, kulimvuruga.

"Inahitaji siku tano, Ntate," Lebusa alisema. "Nikianza Jumatatu asubuhi."

"Anza Jumatatu."

Kibuyu kikaenda kwa Mjomba Sekhonyana, ambaye hatutaeleza alichokifanyia. Kikarudi, kikajazwa, kikazunguka. Chini, kando ya chungu, wawili bado walikuwa wamepiga magoti, kwa kuwa hakuna aliyewaambia wainuke na wao hawakuuliza.

"Magoti yanauma?" Puseletso alinong'ona.

"Sana."

"Nenda ukakae, basi."

"Siendi popote."

Puseletso alikuwa anachota, na kila alipompa mtu kibuyu, mkono wa Lebusa ulikuwa pale chini kukishikilia kisimwagike, ingawa hakikuwa na dalili ya kumwagika. Mara nyingine waliangaliana. Mara nyingine walisahau kwamba kuna mtu anangoja kunywa, wakakumbushwa kwa kikohozi.

Mwisho kibuyu kikafika kwa Shangazi Mapontšo. Alikipokea kwa shingo upande, akakinusa, akakitazama kwa ndani, akapiga funda dogo la uchunguzi. Likafuata la pili, ambalo halikuwa la uchunguzi.

"Puseletso," alisema kwa ukali, kibuyu kikiwa karibu na midomo, "mwambie huyo mumeo Jumatatu aje na kuni zake. Mimi siwezi kumkatia."

Ua mzima ulisikia lile neno, na yeye akalisikia. Alitaka kulirudisha, ilionekana wazi usoni. Lakini kibuyu kilikuwa kimeshainama na pombe imeshamjaa mdomoni, na mwanamke mwenye heshima zake hatemi pombe ya msiba mbele ya wageni. Akaimeza, na neno likabaki nje.